Sifuri na Nafasi Tupu



Wengi wetu tukisikia habari za mifumo ya kompyuta hudhani kazi huanzia kwenye mashine. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka likizo iliyopita nilipompeleka mdogo wangu zahanati, akiwa na malaria. Dawa ya mseto ilikuwa imekwisha. Muuguzi alinionyesha vitabu vyake vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, akasema, "Mwanangu, mwezi ule nilikuwa peke yangu, sikuwahi kupeleka hesabu. Wakaona nafasi tupu, wakadhani hatukuwa na wagonjwa." Nilimpakia mdogo wangu kwenye baiskeli hadi kituo cha mbali. Namshukuru Mungu alipona.

Tangu siku ile nimeuliza na kusoma, nami napenda kuwaeleza wenzangu jinsi mfumo wa namna hii unavyotengenezwa.

Kila mgonjwa huandikwa katika rejista. Mwisho wa mwezi hesabu hujumlishwa katika fomu, kisha huingizwa katika programu ya kompyuta iitwayo DHIS2, itumikayo Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi. Asili yake ni Afrika Kusini. Ubaguzi wa rangi ulipokoma huko mwaka 1994, huduma za afya zilikuwa zimegawanyika katika idara 14, na hesabu zao hazikulingana hata ziweze kujumlishwa pamoja. Wataalamu wa huko, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway, hawakutegemea mashine peke yake. Ilibidi wapatane na wahudumu juu ya mambo machache ambayo kila kituo kitayahesabu kwa namna moja.

Basi, atakaye kutengeneza mfumo hana budi kukumbuka mambo matatu.

Kwanza, ajue hesabu itajibu swali gani. Fomu ndefu humchosha muuguzi, na mtu aliyechoka hukosea.

Pili, asichanganye sifuri na nafasi tupu. Sifuri maana yake, "Tumehesabu, hakuna." Nafasi tupu maana yake, "Hatujui." Mfumo mzuri huonyesha wazi ni kituo gani hakijaleta ripoti, ili mtu apige simu kuuliza.

Tatu, hesabu zimrudie aliyeziandika, naye aone kama homa imezidi au imepungua kijijini kwake. Asiyeona faida ya kazi yake hataifanya kwa moyo.

Kompyuta hujumlisha upesi sana, lakini haiwezi kujua lile ambalo hakuna aliyeliandika.

Mimi ni kiranja wa bweni, na kitabu cha wagonjwa kiko mikononi mwangu. Zamani siku isiyo na mgonjwa niliuacha mstari mtupu. Muhula huu naandika 0, kisha natia sahihi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne