Dozi moja ya dripu badala ya wiki nzima

Kuvu iitwayo kriptokokasi huishi katika udongo na kinyesi cha ndege, na humwingia mtu kwa pumzi. Kinga ya mwili ikiwa imedhoofishwa na virusi vya Ukimwi, kuvu hiyo hufika kwenye ubongo na kusababisha homa ya uti wa mgongo, ambayo isipotibiwa huua.

Awali mgonjwa alitundikiwa dripu ya amfoterisini kila siku kwa wiki moja au zaidi. Dawa hiyo huumiza figo na kupunguza damu, hivyo ni lazima apimwe mara kwa mara, jambo zito kwa hospitali isiyo na maabara ya kutegemewa.

Utafiti uliofanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyotengenezwa kwa chembechembe za mafuta, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa wiki 2, haizidiwi na tiba ya zamani, tena madhara yake ni machache. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka huo huo.

Kikwazo sasa ni upatikanaji. Flusitosini ilitengenezwa mwaka 1957, lakini hadi leo hospitali nyingi za Afrika hazina.