Leseni ya Kuwinda Swala: Ina Kazi Gani?

Katika semina za mazingira vijijini, swali moja haliachi kuulizwa: "Swala anakula mahindi yangu bila kibali. Kwa nini mimi nikimla yeye nifungwe?" Ni swali la haki. Linastahili jibu lililo wazi, kwa kuwa wapo waliofungwa miaka mingi kwa kutoijua sheria hii.

Swala ni mali ya nani?

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1974, inasema kuwa wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mkulima ana haki juu ya shamba na mahindi yake, lakini si juu ya swala anayepita humo. Anayetaka kumwinda anapaswa kuomba ruhusa, na ruhusa hiyo ndiyo leseni.

Leseni inasema nini?

Wengi hudhani leseni ni risiti ya malipo tu. Kazi yake kubwa ni hesabu. Kila eneo la uwindaji hupangiwa mgawo, yaani idadi ya wanyama wanaoweza kuvunwa bila kundi kupungua. Kisha leseni humtaja mwindaji, aina ya mnyama, idadi, eneo na muda. Aliyepewa swala pala mmoja akiua wawili, yule wa pili ni ujangili.

Hesabu hiyo ina sababu. Swala pala hubeba mimba kwa muda wa miezi sita na nusu hivi, na huzaa mtoto mmoja. Dume mmoja hupanda majike wengi, hivyo madume machache yakivunwa kundi huendelea kuzaa. Majike yakiuawa, kundi huisha. Ndiyo maana ni marufuku kuua jike mwenye mimba au anayefuatana na mtoto. Mtego wa waya hauwezi kuchagua hivyo. Hunasa jike, mtoto, chui, hata mbuzi wa jirani.

Tutofautishe mambo mawili. Leseni ya bunduki, inayotolewa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, si leseni ya kuwinda. Na leseni ya kuwinda haimruhusu mtu kuwinda ndani ya hifadhi ya taifa.

Nyama nayo ni nyara

Hapa ndipo familia nyingi huumia. Kisheria, "nyara za Serikali" si pembe za ndovu peke yake. Ngozi, pembe za swala na hata nyama ni nyara. Anayekutwa na paja la swala jikoni bila uthibitisho wa uhalali anaweza kushtakiwa hata kama hajawahi kushika upinde. Mahakama zetu zimewahi kutoa kifungo cha miaka 20 kwa kupatikana na nyama ya porini. Muuzaji hupita usiku na kuondoka na fedha, na anayekamatwa asubuhi ni yule mwenye sufuria.

Njia zilizo halali

1. Nunua kwenye bucha iliyosajiliwa. Kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu mabucha ya nyamapori. Dai risiti na uitunze.

2. Mnyama akiharibu mazao, toa taarifa mapema kwa serikali ya kijiji ili imwite afisa wanyamapori wa wilaya. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Kanuni hizo zina masharti yake, kwa hiyo uliza kabla uharibifu haujatokea.

3. Ukilazimika kumuua mnyama kwa kujihami, toa taarifa mara moja. Nyama yake inabaki kuwa mali ya Serikali, usiigawe.

4. Kijiji chenye ardhi ya kutosha kinaweza kuungana na vingine kuunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori (WMA), utaratibu uliowekewa kanuni mwaka 2002. Kabla ya hapo, vijiji vya Idodi na Pawaga mkoani Iringa, chini ya mradi wa MBOMIPA, vilikwisha kuanza kuuza mgawo wao kwa wawindaji wenye leseni, na mapato yakaingia katika mifuko ya vijiji.

Kwa jibu hili, mkulima aliyepoteza gunia lake la mahindi bado hajarudishiwa gunia. Hilo tulikubali. Malalamiko hayo ni ya kweli na yapelekwe katika mkutano mkuu wa kijiji na kwa diwani, tena kwa maandishi. Lakini mtego wa waya haurudishi gunia. Humwondoa baba nyumbani, nacho kijiji kilichomaliza swala wake hakina mgawo wa kuuza.

Tunawashauri viongozi wa vijiji wamwalike afisa wanyamapori kabla ya kiangazi, aeleze maeneo ya uwindaji, ada na msimu wa mwaka husika. Vijana nao waalikwe, kwani wao ndio hutumwa kutega.