Machakos: Vilima, Nyanda na Mvua za Vuli

Mkulima uliyepata shamba katika mpango wa makazi, yafaa uijue nchi kabla ya kutia jembe. Machakos si nchi ya namna moja. Viko vilima vya Iveti, Mua na Kangundo, ambako mvua hutosha, na kahawa, mboga na matunda husitawi. Kisha ziko nyanda za chini za Yatta na Masinga, ambako jua ni kali na mvua ni ya kubahatisha. Ukiteremka huko na mbegu za vilimani, huenda ukavuna mabua matupu.

Mvua hunyesha mara mbili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Wageni wengi hutegemea masika, lakini huku zinazoaminika zaidi ni za vuli. Basi shamba liwe tayari mapema mwezi wa Oktoba. Panda mahindi ya Katumani, yaliyotolewa na kituo cha utafiti kilicho karibu na mji wa Machakos katika miaka ya 1960. Hayazai sana kama yale ya nchi ya baridi, lakini hukomaa kabla mvua haijakatika. Changanya na mbaazi na kunde.

Sasa habari ya udongo. Katika miaka ya 1930 wilaya hii ililiwa na maji hata watu wakaikatia tamaa. Serikali ya kikoloni ikataka kupunguza ng'ombe kwa nguvu, na mwaka 1938 Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kupinga. Wakati ule wilaya, pamoja na Makueni, ilikuwa na watu kama 240,000. Kufika mwaka 1990 walikuwa kiasi cha 1,400,000. Ungedhani ardhi ingekwisha kabisa, kumbe mmomonyoko ulipungua! Sababu ni matuta ya "fanya juu". Mtaro huchimbwa kukingama mteremko, na udongo hutupwa upande wa juu, kisha nyasi za kulisha ng'ombe hupandwa juu ya tuta. Miaka ikipita shamba lenyewe hujisawazisha, na maji hunywewa pale pale yanaponyesha. Wakati wa ukoloni watu walilazimishwa kuchimba matuta, wakachukia. Baadaye walichimba kwa hiari, katika vikundi vya mwethya, kwa kuwa waliona faida sokoni.

Soko kubwa ni Nairobi, na liko karibu. Lakini jihadhari na jambo moja ambalo soko hilo linalitaka mno: mchanga wa mito. Mto wa mchanga huonekana mkavu, kumbe maji yamelala chini yake, na wakati wa kiangazi ukichimba kidogo utayapata. Malori yakiisha kuuzoa mchanga, mvua inayokuja hupita moja kwa moja, na mama wa nyumbani hurudi kisimani na ndoo tupu.