Kufundisha Tendo Lililokuwa Likiendelea

Hapa Chunya, penye machimbo ya dhahabu, tuanze na sentensi mbili: "Shimo lilipoporomoka, wachimbaji walitoka," na "Shimo lilipoporomoka, wachimbaji walikuwa wakitoka." Katika ya kwanza, -li- hulitimiza tendo: wamo nje, salama. Ya pili huliacha katikati. Hatujui kama wote walifika juu. Mwalimu achore shimo ubaoni kabla ya kutaja kanuni, kisha aonyeshe kwamba kiambishi cha nafsi hurudiwa: wa-likuwa, wa-kitoka. Umbo hilo hilo hueleza na mazoea: "walikuwa wakichimba kila kiangazi." Vitenzi vya silabi moja ndivyo huwakwaza wengi: twasema "alikuwa akila", lakini "alikuwa anakula", -ki- huiacha -ku-, -na- huidai.