'Since' na 'while': Viunganishi vidogo vinavyogeuza maana ya ushahidi

KARANI anapoandika kwa Kiingereza kwamba mfanyakazi fulani "has not been paid since he left work", sentensi yake haina kosa lolote la kisarufi. Ila ina maana mbili. Huenda mfanyakazi huyo hajalipwa chochote tangu alipoacha kazi. Huenda pia hajalipwa kwa sababu aliacha kazi. Katika maana ya kwanza anadai haki iliyocheleweshwa. Katika ya pili, tayari mwajiri amepewa kisingizio cha kutomlipa. Kiswahili hakina utata huo, maana neno 'tangu' haliwezi kushika nafasi ya 'kwa sababu'.

Jambo hili halihusu darasa pekee. Sheria za Kenya huruhusu Kiingereza au Kiswahili katika mahakama za chini, lakini lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Shahidi anaweza kueleza kisa chake kwa Kiswahili mbele ya hakimu, kisha kesi ikifika katika rufaa, majaji wakayasoma maneno yake kwa Kiingereza cha mtu mwingine. Kiunganishi kikikosewa njiani, shahidi mwenyewe hatajua.

Njia ya kuepuka mtego wa 'since' ni kulitumia kwa wakati tu pale ambapo sababu inaweza kueleweka vilevile, na kuandika 'because' panapokusudiwa sababu. Likifuatwa na siku au mwaka, kama "since Monday" au "since 2019", hakuna shaka yoyote. Kosa linalosikika mara kwa mara ni "since three years". Neno hilo hutaka mahali pa kuanzia kuhesabu, si urefu wa muda. Urefu wa muda hutumia 'for': "for three years".

'While' lina historia yake. Hapo kale lilikuwa nomino yenye maana ya kipindi, na maana hiyo ingali hai katika "for a while", yaani kwa muda. Baadaye likawa kiunganishi cha mambo mawili yanayotendeka pamoja, kisha likaanza kuonyesha tofauti baina ya mambo hayo. Leo linabeba kazi zote mbili. "The driver slept while the lorry was being loaded" ni wakati: dereva alilala lori likipakiwa. "The driver counted 40 bags, while the storekeeper counted 50" ni tofauti: dereva alihesabu magunia 40 ilhali mwenye ghala alihesabu 50.

Ugumu huja katika sentensi kama "The driver was in the office while the storekeeper was at the gate". Je, shahidi anaapa kwamba wawili hao walikuwa mahali hapo saa ile ile, au anatofautisha tu kazi ya mmoja na ya mwenzake? Magunia yakipotea, jibu la swali hilo laweza kumtia mtu hatiani. Ikiwa saa ndiyo muhimu, ni heri kuandika "at the time when". Ikiwa ni tofauti, 'whereas' halina utata, ingawa ni neno zito lililozoea kufungua mikataba kuliko mazungumzo ya sokoni.

Kwa bahati mbaya, utata wa 'while' umeanza kuhamia katika Kiswahili. Sasa husomwa sentensi kama "Wakati Mombasa ina joto, Nairobi ina baridi", kana kwamba joto la mji mmoja ndilo saa ya baridi ya mwingine. 'Ilhali' lipo na linatosha.

Katika upande wa tofauti, wanafunzi wengi huandika "Although it rained, but the match went on". Chanzo ni mazoea ya kusema 'ingawa' na kuongeza 'lakini' mbele yake. Kiingereza hutaka kimoja tu kati ya hivyo viwili. Aidha, 'although' hufuatwa na kishazi chenye kitenzi, "although it rained", bali 'despite' hufuatwa na nomino, "despite the rain". Watahiniwa wa KCSE hukutana na jambo hili katika karatasi ya pili ya Kiingereza, wanapoagizwa kuandika upya sentensi bila kubadilisha maana.

Kuna kosa jingine linalotokana moja kwa moja na Kiswahili. Msemaji wa Kiswahili husema "Nitamwambia atakapofika", na kitenzi cha pili kinabeba alama ya wakati ujao. Akitafsiri neno kwa neno hupata "I will tell him when he will arrive", ambayo si sahihi. Kiingereza husema "when he arrives", na kanuni ni hiyo hiyo kwa 'until', 'before', 'after' na 'as soon as'. Lakini "I do not know when he will arrive" ni sahihi kabisa, kwani hapo 'when' ni neno la swali. Kipimo kiko katika Kiswahili chenyewe: penye '-po-', 'will' huachwa, penye 'lini', kama katika "sijui atafika lini", huwekwa.