Tope la Rufiji na Mashine Inayopoa

Pale gatini Nyamisati, wilayani Kibiti, nahodha akishawasha mashine ya boti hugeuka kwanza nyuma. Anatazama mchirizi wa maji unaotoka ubavuni mwa mashine. Ukiruka kwa nguvu, safari ya Mafia inaanza. Ukidondoka kinyonge, anazima, anachukua waya mwembamba na kuzibua tundu, maana anajua tope limeshaingia. Akipuuza, mashine itamchemkia katikati ya maji.

Mchirizi ule unamwambia kwamba kibadilisha joto kiko hai. Maji ya delta ya mto Rufiji yanavutwa kwa chini, yanapita kwenye vijia vyembamba kuzunguka silinda, yanabeba joto na kutoka nalo. Rejeta ya gari, friji ya dukani na boila ya kiwanda cha sukari hutumia kanuni hiyo hiyo: vitu viwili vyenye joto tofauti hupita karibu bila kuchanganyika, na joto huvuka ukuta ulio kati yao.

Anayebuni chombo hiki hupima mambo matatu: eneo la ukuta, tofauti ya joto kati ya pande mbili, na wepesi wa joto kupenya.

Eneo huongezwa kwa kupanga mabomba mengi membamba ndani ya pipa moja, au mabati mengi yaliyobanwa pamoja. Tofauti ya joto inahitaji akili zaidi. Ukiweka sufuria ya uji ndani ya beseni la maji, uji hupoa haraka mwanzoni. Baadaye maji ya beseni nayo hupata moto na kazi inazorota. Kwa hiyo mbuni hupitisha vimiminika viwili kwa kupishana, cha moto kikiingilia huku na cha baridi kikiingilia kule. Hapo kila hatua ya safari, cha moto hukuta jirani aliye baridi kuliko yeye, na tofauti haiishi njiani.

Jambo la tatu ndilo linaloangusha mitambo mingi ya pwani. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko ukoko wa chokaa unaoganda ndani ya mabomba. Maana yake, ukoko wa milimita 1 tu huzuia joto zaidi kuliko ukuta wa shaba wenye unene wa sentimita 10. Unaweza kununua mabomba ya bei ghali kabisa, na tabaka jembamba la uchafu likayafanya kama hayapo.

Sasa yatazame maji ya delta. Wakati wa masika Rufiji hushuka na tope jingi. Kiangazi mto ukipungua, bahari hupanda hadi ndani kabisa ya mikondo, hasa siku za bamvu. Bomba moja linaweza kunywa tope mwezi huu na chumvi mwezi ujao. Tope huziba na kusugua, chumvi hula chuma, na viumbe wadogo wa maji ya mikoko hujenga ukoga ndani ya bomba.

Wengi hudhani dawa ni kuagiza kibadilisha joto kikubwa zaidi ili kiwe na akiba. Hapo ndipo kosa huzaliwa. Ukizidisha mabomba huku pampu ni ile ile, maji yanapita polepole, na maji ya polepole hutua tope. Akiba uliyoinunua inageuka kitanda cha matope. Kwa kawaida wabunifu hulenga mwendo wa mita 1 hadi 2 kwa sekunde: wa kutosha kusukuma tope, usio mkali kiasi cha kula bomba. Kisha huchagua metali inayovumilia chumvi, kama shaba iliyochanganywa na nikeli, au titani pale fedha inaporuhusu. Na mashine yenyewe hupewa maji yake safi yanayozunguka ndani bila kutoka. Maji ya delta hubaki upande wa pili, ndani ya mabomba yaliyonyooka ambayo fundi anaweza kuyafungua na kuyapiga brashi.

Delta hii imewahi kuhifadhi mtambo mkubwa wa joto. Septemba 1914, baada ya kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus kule Zanzibar, manowari ya Kijerumani Königsberg iliharibika injini ikajificha humu. Vipuri vilivyovunjika vilibebwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa. Meli ilikuwa na boila 11 za makaa. Waingereza waliishambulia hadi ikaangamia tarehe 11 Julai 1915. Joto jingi la boila za zama zile lilipotea angani kupitia mabomba ya moshi.

Miaka michache baadaye, Msweden Fredrik Ljungström alibuni namna ya kulinasa joto hilo. Gurudumu kubwa lililojaa mabati membamba yenye mikunjo huzunguka taratibu, mara chache tu kwa dakika. Upande mmoja moshi wa moto hupasha mabati. Yakizunguka upande wa pili, huipa joto hilo hewa inayokwenda kwenye moto. Kwa makadirio ya wahandisi, kila nyuzi 20 hivi unazopunguza kwenye moshi huokoa takriban asilimia 1 ya kuni au makaa. Lakini hewa kiasi huvuja pembeni mwa gurudumu, majivu huziba mikunjo, na moshi wenye salfa ukipozwa mno huzaa asidi inayokula mabati. Kwa hiyo boila za makapi ya miwa, yenye unyevu karibu nusu ya uzito wake, mara nyingi hupewa kipasha hewa cha mabomba, kilicho rahisi kusafisha. Huku pia uchafu ndio unaoamua umbo.

Leo, juu ya mto huu huu, Bwawa la Julius Nyerere lina mashine 9 za megawati 235 kila moja. Mashine moja ikipoteza asilimia 1 tu ya nguvu zake, hizo ni megawati 2.35 za joto linalopaswa kuondolewa bila kukoma.

Basi wewe unayepanga kufunga kiwanda cha barafu, jenereta au chumba baridi cha kamba huku Kibiti, kabla hujalipa chochote, chota maji. Chota siku ya bamvu na siku ya maji mafu, chota masika na kiangazi, yapeleke maabara, kisha mpe mbuni majibu mkononi. Na mashine ikifika, mwambie fundi aifungue mbele yako. Isiyofunguka kwa kusafishwa, usiipokee.