Gesi Igeukayo Plastiki

Ndizi zikifunikwa pamoja chunguni huiva upesi kuliko zikiachwa wazi, kwa kuwa zenyewe hutoa gesi iitwayo ethilini, nayo huzihimiza kuiva. Gesi hiyo haionekani kwa macho. Hata hivyo ndiyo ambayo watu huitengeneza viwandani kwa mafuta ya ardhini, kisha huiunga chembe kwa chembe hata ikawa plastiki ya ndoo, madumu na mabomba ya maji.

Hapo kwanza kuiunga kulikuwa kazi ya hatari. Mwaka 1933 Waingereza wawili, Fawcett na Gibson, waliikandamiza ethilini katika chombo cha chuma kwa nguvu ipitayo mara elfu ile ya hewa ituzungukayo, wakapata plastiki kidogo. Lakini chombo kisipostahimili nguvu hiyo hupasuka, na aliye karibu huenda akapoteza maisha yake.

Katika mji wa Mülheim, Ujerumani, alikuwako mtaalamu jina lake Karl Ziegler. Yeye aliziunga chembe za ethilini kwa dawa ya alumini, nayo ni kimiminiko kikali mno, kikiguswa na hewa huwaka moto. Minyororo aliyoipata ilikuwa mifupi. Hata katika kazi hiyo ikatukia ajabu: chembe ziliungana mbili mbili tu, zikakoma. Mwingine angaliosha chombo na kulisahau jambo hilo. Ziegler na wanafunzi wake walitafuta sababu, wakaona mabaki machache ya nikeli chomboni. Basi, ikiwa nikeli hukata mnyororo, metali nyingine zitafanyaje? Wakazijaribu moja moja, na mwaka 1953 titani ikisaidiwa na alumini iliunga minyororo mirefu sana, pasipo kukandamizwa kwa nguvu kubwa. Mwaka 1963 Ziegler alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Natta wa Italia.

Kazi ya alumini ni kama ya bawabu. Titani huja imezungukwa na klorini pande zote. Alumini huiondoa klorini moja na kuweka kaboni mahali pake, na hapo ndipo ethilini ipatapo pa kushika.

Ilibaki taabu moja. Kichocheo kikiyeyuka katika kimiminiko, plastiki hushikamana na kuta za chombo kama ukoko wa ugali sufuriani, na kiwanda hakina budi kusimama ili kuukwangua. Kwa hiyo viwanda vingi siku hizi hushikiza alumini na mwenzake juu ya punje za silika. Silika ni jamii moja na mchanga wa mtoni, ila hii hutengenezwa iwe na vitundu vingi mno, kama sifongo. Kwanza punje hukaushwa kwa moto mkali, maana alumini na maji hawapatani. Kisha ethilini huingia vitunduni na kuungana humo. Plastiki huzidi kukua hata huipasua punje vipande vidogo vidogo, lakini umbo lake huhifadhika, nayo hutoka chomboni kama nafaka. Vile vipande havitolewi, kwa kuwa ni vichache mno. Hubaki ndani ya plastiki ya ndoo.